Fungu la Dola Milioni 2.6: Kisa cha Kifungu cha Dickey na Utafiti wa Vifo vya Bunduki Marekani

Tarehe 30 Septemba 1996, Rais Bill Clinton alitia saini sheria kubwa ya matumizi ya serikali ya Marekani kwa mwaka wa fedha 1997. Katikati ya mamia ya kurasa zake mlikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba fedha zilizotengwa kwa ajili ya kuzuia na kudhibiti majeraha katika Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, yaani CDC, zisitumike kutetea wala kuhimiza udhibiti wa bunduki. Sentensi hiyo, ambayo ndiyo inayoitwa Kifungu cha Dickey kwa jina la mbunge aliyeibeba, haikutaja utafiti. Haikukataza kuhesabu waliokufa, kuwahoji waliosalia, wala kuchunguza ni bunduki zipi zilizotumika na zilipatikanaje. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata CDC ilikaribia kuacha kabisa kugharimia utafiti wa aina hiyo.

Wanaokigombania kisa hiki hukieleza kwa mkato. Upande mmoja husema utafiti ulipigwa marufuku, na upande mwingine husema haukuwahi kupigwa marufuku. Kwa maandishi ya sheria, wa pili ndio wenye haki. Kwa yaliyotokea, haki iko kwa wa kwanza. Linalobaki kuelezwa ni jinsi sheria isiyokataza jambo ilivyoweza kulikomesha, na kwa maoni yangu maelezo yake yamo zaidi katika hesabu za bajeti kuliko katika maneno ya kifungu chenyewe.

Chimbuko la ugomvi

CDC, yenye makao yake Atlanta katika jimbo la Georgia, ilianza kama taasisi ya kupambana na maradhi ya kuambukiza. Kufikia miaka ya 1980, wataalamu wa afya ya jamii walikuwa wamezoea wazo kwamba majeraha nayo yanaweza kuchunguzwa kama maradhi: yana mahali yanapotokea zaidi, yana watu wanaoumia kuliko wengine, na yana vyanzo vinavyoweza kukatwa kabla mtu hajafikishwa hospitalini. Mfano waliokuwa wakiutaja daima ni wa barabarani. Kwa miaka mingi ajali za magari zilihesabiwa kuwa kosa la dereva tu, lakini kuanzia miaka ya 1960 serikali ya Marekani iligharimia uchunguzi wa kina wa namna ajali zinavyotokea na namna mwili unavyoumia, na matunda yake yakawa mikanda ya usalama, mabadiliko ya muundo wa magari na kingo za barabara. Vifo kwa kila kilomita inayoendeshwa vilipungua sana bila kumnyang'anya yeyote gari lake. Mwaka 1992 CDC ilianzisha Kituo cha Kitaifa cha Kuzuia na Kudhibiti Majeraha, na mwaka 1994 kikapata mkurugenzi aliyeitwa Mark Rosenberg, daktari aliyeamini kwamba bunduki zinaweza kuchunguzwa kwa njia ileile. Haja ilikuwapo, kwani mwaka 1993 peke yake bunduki ziliua karibu watu 40,000 nchini humo, karibu nusu yao wakiwa wamejiua wenyewe.

Utafiti uliowasha moto ulichapishwa Oktoba 1993 katika jarida la New England Journal of Medicine. Arthur Kellermann, daktari wa dharura, pamoja na wenzake, walikusanya visa vya watu waliouawa majumbani mwao katika kaunti tatu, yaani Shelby yenye mji wa Memphis, King yenye mji wa Seattle na Cuyahoga yenye mji wa Cleveland. Kila marehemu alilinganishwa na mtu wa mtaa uleule, jinsia ileile, mbari ileile na umri wa kukaribiana naye, ambaye hakuuawa. Baada ya kuchuja walibaki na jozi 388. Walipozingatia mambo mengine, walikuta kwamba kuwa na bunduki nyumbani kulihusishwa na hatari ya kuuawa nyumbani iliyo kubwa mara 2.7, na kwamba ongezeko hilo lilitokana hasa na mauaji yaliyofanywa na ndugu au wapenzi. Imani kwamba bunduki kabatini humlinda mwenye nyumba, ambayo ndiyo sababu Wamarekani wengi huitoa wanapoulizwa kwa nini wameinunua, ilikuwa imeguswa pabaya. Na waliolipia utafiti huo ni CDC.

Wakosoaji walikuwa na hoja, na si haki kuzipuuza kwa kuwa tu baadhi yao walikuwa na masilahi. Katika takwimu zilezile, matumizi ya dawa za kulevya nyumbani yalihusishwa na hatari kubwa kuliko bunduki, mara 5.7, kuishi katika nyumba ya kupanga mara 4.4, kuishi peke yako mara 3.7. Hakuna anayedai kwamba mkataba wa pango humuua mpangaji. Nambari kama hizo huonyesha aina ya maisha ambamo hatari imekaa, na inawezekana vilevile kwamba mtu anayejua anatafutwa na adui hununua bunduki kwa sababu hiyohiyo, kisha akauawa na yuleyule aliyekuwa akimwogopa, bila bunduki yake kuwa chanzo cha kifo chake. Ulinganisho wa jozi hupunguza tatizo hilo lakini haulimalizi. Katika sayansi, dawa ya udhaifu wa namna hii ni utafiti mwingine, mkubwa zaidi, uliopangwa kwa njia tofauti. Kilichofuata Washington kilikuwa kinyume chake.

Jinsi kifungu kilivyoandikwa

Hali ya siasa ya wakati ule inaeleza mengi. Mwaka 1993 Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya Brady ya kukagua rekodi za wanunuzi wa bunduki, na mwaka 1994 likazuia kwa miaka kumi aina fulani za bunduki zenye muundo wa kivita. Novemba ya mwaka huohuo chama cha Republican kilishinda mabaraza yote mawili, na NRA, chama kikubwa cha wamiliki wa bunduki, kilikuwa na marafiki wengi miongoni mwa wabunge wapya. Shabaha ya kwanza ya marafiki hao ilikuwa kukifuta kabisa kituo cha majeraha.

CDC nayo iliwapa silaha wapinzani wake. Mwaka 1994 gazeti la Washington Post lilimnukuu Rosenberg akitamani umma uitazame bunduki kama ulivyokuwa umeanza kuitazama sigara, yaani kama kitu kichafu na cha kuua. Katika vikao vya Bunge vya mwaka 1996, madaktari waliokuwa wakiipinga CDC walionyesha pia jarida dogo lililochapishwa kwa msaada wa fedha zake, ambalo liliwahimiza wasomaji kufanya kampeni dhidi ya viwanda vya bunduki. Maneno hayo hayakubatilisha hesabu ya Kellermann, lakini mlipa kodi anayemiliki bunduki alikuwa na haki ya kuuliza kama taasisi hii inatafuta jibu au tayari inalo. Taasisi ya umma inapogharimia swali lenye ubishi, ulimi wa mkurugenzi wake huhesabiwa kuwa sehemu ya mbinu za utafiti, apende asipende.

Jay Dickey, mbunge wa Republican kutoka Arkansas, ndiye aliyebeba kifungu katika kamati ya matumizi. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alikuwa mtu wa mstari wa mbele wa NRA katika suala lile. Jaribio la kukifuta kituo lilishindwa, lakini Baraza la Wawakilishi lilifanya jambo jingine ambalo naliona zito kuliko kifungu. Lilipunguza bajeti ya CDC kwa dola milioni 2.6, na kiasi hicho hakikuokotwa hewani, kwani ndicho hasa ambacho CDC ilikuwa imetumia mwaka uliotangulia katika utafiti wa majeraha ya bunduki. Wajumbe wa mabaraza mawili walipokutana kusuluhisha tofauti zao, fedha zilirudishwa, ila zilipangiwa kazi nyingine: majeraha ya ubongo yatokanayo na kugongwa au kuanguka.

Kwa taasisi yenye bajeti ya zaidi ya dola bilioni 2, milioni 2.6 ni fedha ndogo. Kwa mkuu wa taasisi, hata hivyo, ujumbe ulikuwa wazi kuliko sheria yoyote: Bunge limesoma hesabu zenu mstari kwa mstari, limejua ni shilingi ipi iliyokwenda kwenye bunduki, na limeiondoa hiyo peke yake. Yeyote aliyewahi kuandaa makadirio ya idara ya serikali, popote pale, anajua kwamba fungu lililowahi kukatwa mara moja kwa makusudi haliombwi tena kwa moyo uleule, hasa kama mafungu ya jirani, ya chanjo na ya kifua kikuu, yanapitia mikononi mwa wabunge walewale.

Hofu ndani ya taasisi

Tangu hapo kazi ya kuzuia ilifanywa na CDC yenyewe. Kifungu hakikueleza ni wapi utafiti huishia na utetezi huanzia. Je, mtafiti akikuta kwamba kufungia bunduki kabatini hupunguza vifo vya watoto, kisha akaandika kwamba wazazi wazifungie, ametetea udhibiti? Mwanasheria mwenye utulivu angesema hapana. Mkuu wa idara ambaye kazi yake inategemea kamati ileile ya matumizi hakuwa na haja ya kumsubiri mwanasheria, na kwa hiyo aliuweka mpaka mbali kabisa na mahali sheria ilipouweka. Rosenberg aliondoka CDC mwaka 1999. Mwaka 2011 gazeti la New York Times liliripoti kwamba CDC ilikuwa ikiwataka watafiti iliowagharimia waitaarifu kabla ya kuchapisha chochote kinachogusa bunduki, na kwamba taarifa hiyo ilipelekwa kwa NRA kama ustaarabu. Hakuna sheria iliyowahi kuamuru ustaarabu huo.

Hasara iliyotokana na hayo haipimwi kwa makala ambazo hazikuandikwa pekee. Taaluma hujengwa na watu, na watu hufuata ruzuku. Msomi chipukizi aliyeambiwa na msimamizi wake kwamba somo la bunduki halina fedha na lina maadui alichagua ajali za barabarani au saratani, na hakuna wa kumlaumu. Waliobaki walikuwa wachache mno. Garen Wintemute, daktari wa dharura katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, alitumia zaidi ya dola milioni 1 za mfukoni mwake ili kazi isisimame. Mwaka 2017 watafiti wawili walichapisha katika jarida la JAMA ulinganisho wa sababu kuu za vifo na fedha za utafiti zinazotolewa na serikali kuu: ikilinganishwa na idadi ya vifo vyake, ghasia za bunduki zilipata takribani asilimia 1.6 ya fedha ambazo zingetarajiwa.

Athari ilionekana pia pale watunga sera walipohitaji majibu. Mwaka 2004 jopo la Baraza la Kitaifa la Utafiti lilipitia maandiko yaliyokuwapo na kukuta kwamba ushahidi haukutosha kuamua kwa uhakika kama sheria nyingi za bunduki zinafanya kazi au hazifanyi, zikiwamo zile zinazopendwa na wamiliki, kama haki ya kubeba bunduki iliyofichwa. Shirika la utafiti la RAND lilipopitia upya mwaka 2018 aina 13 za sera, liliona ushahidi mzuri katika maeneo machache, mojawapo likiwa sheria zinazowataka watu wazima kuzihifadhi bunduki mahali watoto wasipofikia. Katika mengi yaliyobaki, lilisema ushahidi ni hafifu au haupo. Hapa ndipo hoja ya watetezi wa kifungu inapojipinga yenyewe: aliyekuwa na imani kwamba bunduki huokoa maisha alipoteza sawasawa na mpinzani wake nafasi ya kulithibitisha hilo.

Kifungu kilipanuka baadaye. Mwaka 2009 Charles Branas na wenzake walichapisha utafiti wa Philadelphia uliogharimiwa na mojawapo ya Taasisi za Kitaifa za Afya, yaani NIH, ulioonyesha kwamba watu waliokuwa na bunduki mwilini waliposhambuliwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupigwa risasi kuliko wasiokuwa nayo. Katika sheria ya matumizi iliyotiwa saini Desemba 2011, maneno yaleyale ya mwaka 1996 yaliwekwa pia kwa NIH. Utafiti mmoja usiopendwa, kisha fungu linabanwa, mtindo haukubadilika.

Dickey abadili msimamo

Sehemu ya kisa hiki inayosimuliwa zaidi ni urafiki wa Dickey na Rosenberg. Walianza kama mahasimu katika chumba cha kamati, wakazungumza, na miaka ikawakutanisha. Julai 2012, siku chache baada ya watu kupigwa risasi katika ukumbi wa sinema wa Aurora, Colorado, waliandika pamoja makala katika Washington Post wakisema kwamba utafiti wa bunduki unahitajika kama ule wa ajali za magari ulivyohitajika, na kwamba unaweza kufanywa bila kuvunja haki ya kumiliki bunduki. Dickey, ambaye alikuwa ameshapoteza kiti chake katika uchaguzi wa mwaka 2000, aliendelea kusema hivyo hadi alipofariki mwaka 2017, na hakuacha kuwa mtetezi wa haki ya bunduki. Simulizi hii ni nzuri na inapendwa na waandishi, lakini uzito wake katika matokeo ulikuwa mdogo. Mbunge mstaafu anayejuta hana kura.

Wenye kura hawakusogea haraka. Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Januari iliyofuata Rais Barack Obama aliiagiza CDC irudi kwenye utafiti na akaliomba Bunge dola milioni 10. Agizo lilikuwepo, andiko la vipaumbele vya utafiti likaandaliwa na Taasisi ya Tiba, fedha hazikutoka. Kama kuna jaribio linaloonyesha kwamba kikwazo hakikuwa maneno ya kifungu, ni hili, kwa sababu rais mwenyewe alikuwa ametamka hadharani kwamba sheria inaruhusu, na bado hakuna kilichofanyika cha maana.

Machi 2018, wiki chache baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Parkland, Florida, Bunge liliweka katika maelezo ya bajeti kauli kwamba CDC ina mamlaka ya kuchunguza vyanzo vya ghasia za bunduki. Vyombo vya habari vililitangaza jambo hilo kama mageuzi, ilhali hakuna senti iliyoambatana nalo. Mabadiliko ya kweli yalikuja Desemba 2019. Baraza la Wawakilishi, likiwa chini ya chama cha Democratic, lilikuwa limepitisha dola milioni 50 mapema mwaka huo, na maafikiano na Seneti yakaishia kwenye milioni 25, nusu kwa CDC na nusu kwa NIH. Rais Donald Trump alizitia saini. Kifungu cha Dickey kilibaki palepale katika sheria ileile, neno kwa neno, na ruzuku zikatolewa. Maneno yaliyodaiwa kuwa ukuta kwa zaidi ya miaka 20 hayakumzuia mtu yeyote mara fedha zilipotengwa kwa jina.

Hoja zilizobaki

Wapinzani wa fedha hizi husema kwamba wizara ya sheria na mashirika binafsi yamekuwa yakigharimia utafiti huu wakati wote, na kwamba bunduki ni suala la uhalifu, si la afya. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa kiasi. Baadaye majimbo pia yaliingia: California ilitenga dola milioni 5 kwa kituo kinachoongozwa na Wintemute, na mwaka 2018 wahisani wakaanzisha mfuko wa dola milioni 20 unaosimamiwa na RAND. Ila fedha za hisani haziwezi kujenga mfumo wa takwimu wa nchi nzima. Mfumo wa kitaifa wa kuripoti vifo vya ukatili, unaounganisha cheti cha kifo na ripoti za polisi na za wachunguzi wa maiti, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na majimbo machache na haukufikia majimbo yote 50 hadi mwaka 2018. Kazi kama hiyo huhitaji serikali.

Sehemu ya pili, ya uhalifu, inashindwa na hesabu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na kati yao 26,328 walijiua. Polisi hawana mshukiwa wa kumkamata katika zaidi ya nusu ya vifo hivyo. Na tangu mwaka 2020 bunduki ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa mwaka 1 hadi 19. Mtu anaweza kukataa kila pendekezo la sheria mpya na bado akataka kujua ni kwa nini.

Hoja ya upendeleo ndiyo ninayoiona kuwa nzito, na waungaji mkono wa utafiti hawaijibu vizuri wanapoishia kusema kwamba sayansi haina upande. Maswali yana upande. Kuuliza tu ni wangapi wanaouawa na bunduki ya nyumbani, bila kuuliza ni wangapi wanaojilinda nayo, ni kuchagua. Katika swali hilo la pili makadirio hutofautiana mno, kuanzia makumi ya maelfu ya visa kwa mwaka hadi milioni 2.5 waliyotoa Gary Kleck na Marc Gertz mwaka 1995, na tofauti ya ukubwa huo ni ishara ya somo lililoachwa bila vipimo vya pamoja. Ingefaa mafungu ya ruzuku yatangaze wazi kwamba yanapokea maswali ya aina zote mbili, na watathmini wa maombi wajumuishe watu wasiokubaliana.

Dola milioni 25 zilibaki kuwa milioni 25 katika bajeti za miaka iliyofuata, ingawa Rais Joe Biden aliomba zaidi na bei za kila kitu zilipanda. Kisha Aprili 2025 Wizara ya Afya ilipunguza maelfu ya wafanyakazi, na kituo cha majeraha kilipoteza sehemu kubwa ya watu wake, wakiwamo waliokuwa wakishughulikia takwimu na uzuiaji wa ukatili. Pendekezo la bajeti ya Rais kwa mwaka wa fedha 2026 lilitaka kituo chenyewe kifutwe, kama wabunge wa mwaka 1996 walivyotaka. Safari hii hakuna aliyehitaji kuandika kifungu kipya wala kubishana kuhusu maana ya kutetea, kwa kuwa barua za kusitisha ajira zilitosha, na anayetaka kujua utafiti huu unaelekea wapi atazame idadi ya nafasi za kazi zitakazojazwa Atlanta kabla ya kuisoma tena sheria ya Dickey.